Sungura harudishi mtoto aliyetoka kiotani

Ndugu mfugaji, juzi alfajiri nilipigiwa simu na kijana mmoja aliyeanza ufugaji mwaka huu. Aliniuliza: "Mtaalamu, sungura wangu amezaa usiku. Mtoto mmoja nimemkuta nje ya sanduku, amelala kwenye waya. Nimguse, au nimwache mama yake amrudishe?" Nilimkatiza hapohapo. Nilimwambia amwokote kwanza, maswali mengine tutaongea baadaye.

Haraka ile ina sababu yake, na leo nitawaeleza hata kama inaniumbua.

Nilipoajiriwa nilipangiwa kata moja ya milimani mkoani Njombe. Mnaoifahamu Njombe mnajua baridi ya Juni na Julai. Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyeishi kwa kulima viazi na kuuza mboga gulioni. Aliuza viazi akanunua sungura majike wawili na dume mmoja. Mwanaye alikuwa anatarajia kuanza sekondari Januari, akihitaji sare, madaftari na godoro la bweni. Sungura hubeba mimba siku 31 hivi, kwa hiyo mama alipiga hesabu kwamba uzao wa Julai ungefikia kuuzwa kabla ya shule kufunguliwa.

Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwonyesha namna ya kujenga banda lenye sakafu ya waya ili kinyesi kidondoke chini. Nilimwambia aweke sanduku la kuzalia, lakini sikumwambia ukingo wa mlango uwe na kimo gani. Kisha nikamalizia kwa neno nililolisikia kwa walionitangulia kazini, nami nikalibeba bila kulipima: "Akishazaa, usiwaguse watoto. Akinusa mkono wa mtu atawakataa."

Jike wa kwanza alizaa watoto saba. Asubuhi mama akakuta watatu wako nje, juu ya waya, wanatapatapa. Alitaka kuwaokota, akakumbuka maneno yangu. Akasubiri mama yao awarudishe. Jike alipita kando yao, akawanusa, akaenda kula majani. Hadi jioni wote watatu walikuwa wamekufa. Wanne waliobaki ndani hakuwafunua pia. Siku ya nne alisikia harufu. Mmoja alikuwa ameoza katikati ya wenzake, nyasi zimelowa mkojo, na hakuna aliyepona.

Nilipofika hakunigombeza. Alisema tu, "Bwana mifugo, sikuwagusa, kama ulivyosema."

Nilikosa la kujibu. Wiki ile nilimfuata mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliyefuga sungura tangu mimi niko shule ya msingi. Nilimkuta ametia mkono ndani ya kiota anahesabu watoto, na mama yao pembeni anatafuna majani bila wasiwasi. Nikamuuliza kama hawakataliwi. Akacheka. "Mwanangu, paka hubeba mtoto wake kwa meno, na mbwa vilevile. Sungura hana desturi hiyo. Kwao ni shimoni, na ndani ya shimo mtoto hana pa kuangukia. Wewe ndiye uliyemjengea juu ya waya, basi wewe ndiye wa kumrudisha."

Maneno yake ni ya kweli. Sungura tunaowafuga asili yao ni sungura wa Ulaya, ambao huzaa ndani ya mashimo. Mtoto huzaliwa uchi, haoni, na joto lake analipata kwa wenzake na kwa manyoya ambayo mama hujinyonyoa. Mama naye hakai kiotani. Huingia kunyonyesha mara moja kwa siku, pengine mara mbili, kwa dakika chache tu, kisha anatoka. Kwa hiyo ukimwona yuko nje mchana kutwa, usidhani amewatelekeza. Tatizo ni kwamba anapotoka, mtoto aliyeng'ang'ania chuchu huburutwa naye hadi nje, na akishatoka hana wa kumrudisha isipokuwa wewe.

Baada ya hapo nilibadilisha mafundisho yangu. Sanduku la sungura wa umbo la kati liwe na urefu wa sentimita 45, upana 30 na kimo 30. Ukingo wa mlango uwe na sentimita 15 hivi kutoka chini. Mama ataruka bila shida, na mtoto anayening'inia atagonga ukingo na kudondokea ndani. Sakafu iwe ya mbao yenye matundu madogo ya kutoa mkojo. Weka maranda makavu chini na nyasi kavu laini juu, na uliingize sanduku bandani siku ya 28 ya mimba. Ukiliweka mapema mno atalifanya choo.

Asubuhi baada ya kuzaa, mpe mama chakula na maji kwanza ili atulie. Nawa mikono, usitumie sabuni yenye manukato, kisha isugue kwenye manyoya ya mama huyohuyo. Funua kiota, hesabu watoto, toa waliokufa na nyasi zilizolowa, halafu funika tena. Tazama matumbo: aliyenyonya tumbo lake ni la mviringo, mwenye njaa ngozi yake ina mikunjo. Fanya hivyo kila siku, upesi na bila kelele.

Ukimkuta mtoto wa baridi, usimrudishe akiwa baridi, na usimtupe ukidhani amekufa. Mpashe joto kwanza. Mweke kifuani kwako ndani ya nguo, au mtumbukize kwenye maji ya vuguvugu huku kichwa kikiwa juu, kisha mkaushe vizuri. Akianza kujinyonganyonga, mrudishe katikati ya wenzake. Wengi niliodhani wamekwisha niliwaona wakirudi namna hiyo.

Ukiweza, panda majike wawili siku moja. Sungura wengi wana chuchu nane, hivyo mmoja akizaa 11 na mwenzake wanne, utawahamishia baadhi kwa mwenye wachache katika siku za mwanzo.

Jihadhari na maadui pia. Miguu ya banda isimame ndani ya makopo yenye oili chafu, maana siafu wakiingia usiku hutakuta kitu asubuhi. Panya zuia kwa waya wa matundu madogo. Mama asikose maji hata saa moja, kwa sababu kiu na vurugu za mbwa au watoto huweza kumfanya ale watoto wake. Akiharibu uzao wa kwanza usimchinje, mpe nafasi nyingine. Macho ya watoto hufunguka kati ya siku 10 na 12, na wiki ya tatu sanduku linaweza kuondolewa.

Nilirudi kwa yule mama. Nilimwomba msamaha, nikamgongelea ubao wa sentimita 15 mlangoni kwa mkono wangu. Jike wa pili alizaa Agosti, watoto wanane. Siku tano za kwanza nilipita kila asubuhi tukahesabu pamoja, siku ya sita nikamkuta amekwisha kuhesabu peke yake. Walipona sita. Januari godoro lilinunuliwa, ingawa si kwa sungura peke yao, viazi navyo vilichangia.

Yule kijana naye alinipigia tena mchana. Alimpasha mtoto joto ndani ya shati lake na sasa yuko na wenzake.

Ndugu mfugaji, kama nami niliwahi kukuambia usiguse, naomba unisamehe na ulisahau neno hilo. Kesho asubuhi nawa mikono, funua kiota, uhesabu. Nakutakia ufugaji mwema.