Kiunzi cha Daftari la Ukoo

Mwaka jana katika kikao cha ukoo wetu hapa Mombasa, jina la shangazi yetu lilisomwa miongoni mwa wanaodaiwa michango ya mfuko wa jamaa. Mwenyewe hakuwapo, alikuwa ndani, akikaa eda. Wala hakuwa na deni. Kikao kilikwisha kukata shauri kwamba aliyefiwa na mume alipe nusu, na nusu hiyo aliilipa kwa mkono wa mwanawe, risiti anayo. Habari ilimfikia kabla hatujaondoka barazani. Tulikwenda kumwomba radhi, akatusamehe, lakini aibu ilibaki kwetu sisi vijana, kwa kuwa programu iliyotoa orodha ile ilikuwa kazi ya mikono yetu.

Tulipochunguza tuliona kwamba kasoro ilikuwa katika ujenzi. Jedwali la michango tulikuwa tumelinakili katika kurasa saba. Kanuni ya nusu ilipopitishwa, tulirekebisha kurasa sita, ya saba tukaisahau. Na hiyo ndiyo iliyochapishwa.

Hapo tukaazimia kuijenga upya kwa vijenzi. Kijenzi ni kipande cha ukurasa kilichokamilika: umbo lake, maandishi yake na hesabu yake vimo pamoja. Huandikwa mara moja, kikatumika popote kinapohitajika. Kikirekebishwa mahali pamoja, kurasa zote hurekebika. Kiunzi nacho ndicho kinachovishika vijenzi hivyo na kuvibadilisha kila data inapobadilika.

Viunzi vya namna hii ni vingi. Facebook waliitoa React mwaka 2013, na Evan You akaitoa Vue mwaka 2014. Mwaka 2016 Google walitoa Angular tuijuayo sasa, na mwaka huo huo Svelte ya Rich Harris ikatokea. Kaka yetu alipendelea React, kwa hoja kwamba ina watumiaji wengi na atafutaye kazi huulizwa hiyo kwanza. Dada yetu alishikilia Svelte, kwa sababu hugeuza vijenzi kuwa JavaScript ya kawaida kabla tovuti haijawekwa hewani, na hivyo simu hupakua mzigo mdogo. Akatukumbusha kwamba mama zetu hununua bando la shilingi ishirini. Angular tuliiweka kando mapema. Imekamilika kwa zana, lakini kanuni zake nyingi zinafaa kikosi kikubwa kuliko jamaa wanaokutana baada ya Isha.

Mjadala ulirefuka mpaka Ami akatuuliza: "Nyinyi mkisafiri, nani atakayelitengeneza?"

Swali hilo ndilo lililotuongoza. Tuliandika kijenzi kimoja, kadi ya risiti, kwa React, Vue na Svelte. Kisha tukampa binamu yetu wa kidato cha tatu, ajuaye HTML na CSS tu, tukamwomba aongeze tarehe ya malipo. Katika React alikwama kwenye JSX, ambamo alama zinazofanana na za HTML huandikwa ndani ya JavaScript. Vue na Svelte alizimaliza jioni ile ile. Tukachagua Vue, kwa kuwa wawili kati yetu walikwisha kuifanyia kazi na wangeweza kumfundisha.

Hatukujidanganya kwamba kitadumu milele. AngularJS, iliyotoka mwaka 2010 na kupendwa na wengi, iliachwa kuhudumiwa mwisho wa mwaka 2021. Toleo la pili la Vue nalo likaachwa mwisho wa mwaka 2023. Waliochanganya hesabu zao na kiunzi kilichozeeka walilazimika kuandika mengi upya. Kwa hiyo kumbukumbu za michango tumeziweka katika hifadhidata iliyo mbali na kurasa, na kila mwezi tunazichapisha kwenye karatasi na kuzitia kabatini kwa Bibi. Kiunzi kikifa leo, tutapoteza sura ya tovuti, lakini haki ya mtu haitapotea.

Risiti ya kwanza ya programu mpya ilikuwa ya shangazi. Aliitazama, akailinganisha na ile ya mkono, kisha akaziweka zote mbili.