Fukusi wa Ziwa Viktoria

Miaka ya tisini, Ziwa Viktoria lilipotajwa, yalitajwa magugu maji. Mmea huu wa Amerika ya Kusini, wenye ua zuri la zambarau, ulionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia 1998 ulikuwa umefunika maelfu ya hekta za Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu. Mitumbwi ilikwama, nyavu zikanasa majani. Kilio cha wakati ule kilikuwa mapanga, mashine na dawa za kunyunyiza. Lakini gugu linaloweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi halimngoji mkataji apumzike.

Watafiti waliuliza swali lingine: huko kwao, nani hulila? Wakapata aina mbili za fukusi wa jenasi ya Neochetina, urefu wao nusu sentimita tu. Fukusi mzima huparura jani na kuacha makovu meupe. Buu wake hutoboa kikonyo mpaka kwenye moyo wa mmea, maji yakaingia, mmea ukazama. Uganda iliwaachia 1995, Kenya na Tanzania 1997. Waliopinga hawakuwa wajinga. Sangara, au mbuta kama wasemavyo Kisumu, aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na baadaye aina nyingi za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, zikatoweka. Waliuliza: sasa mnaleta mdudu, akimaliza magugu si atahamia mahindi? Mfano huo, kwa maoni yangu, unawageukia wenyewe. Sangara hula samaki yeyote anayemweza. Fukusi alijaribiwa kwanza kwenye mimea mingine mingi, na uzao wake haukui bila gugu hili.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa wanasayansi wenyewe: magugu yalipopungua, wengine walisema ni kazi ya mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998. Sioni haja ya kuchagua moja, maana mmea uliokwisha kutobolewa huvunjika upesi ukipigwa na wimbi. Kinachonisumbua ni kwamba miaka michache baadaye magugu yalirudi Winam. Mbegu zilikuwa zimelala kwenye tope, na chakula cha magugu hakikukatika: mbolea ya mashamba huteremka na mito kama Nyando, maji taka ya miji nayo humwagikia humo humo. Fukusi wangali kazini, makovu yao yapo kwenye majani. Mbolea hawaili.