Miwani ya bei ndogo kwa simu: angalia fremu kabla ya kulipa

Leo siwaletei habari ya mkutano wala ya barabara. Nataka kuwaelezea habari ya miwani yangu, kwa sababu ilinitia haya mbele ya mama mmoja, na sitaki ikupate na wewe.

Mama huyo alikimbia kutoka upande wa Walungu. Alifika kwangu jioni, mtoto mgongoni akiwa na homa, mkononi chupa ya dawa ya maji na karatasi ya kituo cha afya. Akaniambia: «Papa, wewe ndiye unatusomea habari. Nisomee na hii.»

Nilichukua karatasi, nikaisogeza mbali, nikaileta karibu. Miwani yangu ilikuwa imevunjika siku tatu mbele. Pale palipoandikwa kipimo cha dawa sikuweza kujua kama ni 3 ao 8. Kwa mtoto mdogo, hiyo si tofauti ya kuchezea. Tukamwita binti wa jirani, anasoma darasa la sita. Akasema: mililita 3. Mama alishukuru akaenda. Mimi nilibaki nikijiuliza: kama binti yule hakuwa nyumbani, ningemwambia nini?

Miwani ile niliinunua kwa simu. Tangu Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu, benki zilifungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama, na safari ya mjini ikawa ya kuogopa. Mpwa wangu anayeishi Kigali aliniagizia kwenye duka moja la intaneti, dola 14. Mzigo ulifika Rusizi, ukavuka mpaka, ukapanda pikipiki hadi huku milimani. Kwenye picha ilikuwa nzuri: nyembamba, nyeusi, inang'aa. Haikumaliza miezi miwili. Asubuhi moja ya baridi niliivua kwa mkono mmoja, mkono wa kulia wa miwani ukabaki kwenye vidole vyangu.

Nilipeleka kwa fundi wa saa na simu pale sokoni. Aliigeuza mara mbili, akanirudishia: «Mzee, hapa hakuna skrubu. Nitashika wapi?» Bawaba ilikuwa ya plastiki, imeyeyushwa pamoja na fremu yenyewe. Duka liliahidi kwamba mteja anaweza kurudisha ndani ya siku 30. Siku hizo zilikuwa zimekwisha, na hata zisingekwisha, usafiri wa kurudisha ungepita bei ya miwani.

Hapo ndipo nilielewa. Sisi tulio mbali na maduka, na zaidi ninyi mnaoweza kuhama usiku na mzigo kichwani, fremu nzuri kwetu ni ile ambayo fundi wa sokoni anaweza kuitengeneza. Urembo unafuata nyuma.

Kwa hiyo mara ya pili niliangalia hivi. Kwanza, bawaba. Kuza picha kwenye simu mpaka uone mahali mkono wa miwani unapokunjwa. Pawe na chuma na skrubu. Kama picha haionyeshi, uliza muuzaji, asipojibu, acha. Bawaba za springi zinavumilia kuvutwa, lakini springi ikikatika ndani, huku kwetu ni vigumu kupata wa kuitengeneza.

Pili, kitu iliyotengenezwa nacho. Chuma kisichoshika kutu kikipinda, mara nyingi kinanyooshwa. Asetati ni plastiki nzito kidogo. Inalainika kwa joto, hivyo inaweza kurekebishwa. Plastiki nyepesi inayopinda na kurudi inafaa watoto, lakini ikivunjika kabisa, gundi haishiki vizuri. Epuka miwani isiyo na fremu, na ile ambayo lenzi inashikwa chini na uzi tu.

Tatu, kipimo. Ndani ya mkono wa miwani ya zamani mara nyingi kuna namba kama 52, 18, 140. Ni milimita: upana wa lenzi, nafasi ya pua, na urefu wa mkono. Kama ile ya zamani ilikukaa vizuri, tafuta namba zinazokaribia hizo. Miwani pana itaanguka kila ukiinama kulima ao kuosha mchanga wa dhahabu. Muuzaji atauliza pia umbali kati ya mboni zako mbili. Usikisie, omba munganga wa macho akuandikie pamoja na namba za lenzi.

Na hapa nisisitize: simu haipimi ugonjwa. Ukiona ukungu, jicho likiuma, ao nuru ikipungua ghafla, usianze na miwani. Inaweza kuwa mtoto wa jicho ao presha ya macho. Nenda kwa munganga kwanza.

Lakini kwa wengi waliopita miaka 40, shida ni ya kusoma karibu tu, na miwani rahisi ya kusomea inasaidia. Utafiti uliotolewa 2024 huko Bangladesh ulionyesha kwamba watu wa kazi za mikono waliopewa miwani hiyo waliongeza mapato yao kwa karibu theluthi moja. Mama mshonaji anayeshindwa kuingiza uzi kwenye sindano ataelewa sababu.

Miwani yangu ya pili ni ya chuma, bawaba zina skrubu. Nililipa dola 19. Naivua kwa mikono miwili. Kwenye pikipiki inakaa ndani ya kisanduku kigumu, siitii tena mfukoni mwa shati. Kila skrubu nimeitia tone la rangi ya kucha ya mke wangu, isilegee kwa mtikisiko wa njia. Mwezi uliopita mkono mmoja ulipinda. Yule fundi aliunyoosha mbele yangu, akachukua franga 1000.

Mama wa Walungu alirudi wiki iliyopita. Mtoto alishapona, anakimbia uwanjani. Alileta karatasi ingine, tarehe ya chanjo. Safari hii nilimsomea mwenyewe.

Ni mimi mwandishi wenu, hapa Luhwindja.