Mkojo Unaotoka Wenyewe: Tuliyoyaona Tarime

Leo tuna jambo ambalo hata somo huona haya kumfundisha bi harusi: mkojo kutoka wenyewe.

Tulikwenda Tarime, mkoa wa Mara, kuuza mabaibui na madera, tukawa tunashona nyumbani kwa mwenyeji wetu. Akaja mwanamke mmoja, mdogo kwetu kwa umri, akataka sketi nyeusi, pana, yenye bitana mbili. Tulipomkaribisha kiti akasema, "Nitasimama tu, dada zangu." Fundi nguo huyajua ya mteja kabla hajayasema. Tuliziona kanga alizojifunga ndani, na harufu tuliisikia. Tukafunga mlango.

Alizaa akiwa na miaka 16. Uchungu ulimshika siku tatu nyumbani, mtoto akatoka maiti. Baada ya siku chache mkojo ukaanza kumtoka, usiku na mchana. Mume akamrudisha kwao. Majirani wakasema ni laana.

Si laana, ni fistula. Kichwa cha mtoto kikikwama, hukibana kibofu kwenye mfupa wa nyonga mpaka damu haipiti. Nyama ile hufa, hudondoka, hubaki tundu kati ya kibofu na uke. Ndiyo maana mkojo hauanzi siku ile ile ya kuzaa, na watu hupata nafasi ya kutafuta mchawi.

Tukauliza kwa nini binti mdogo vile alikuwa na mume. Tarime na Serengeti, kwa Wakurya, msimu wa ukeketaji huwa Desemba, na binti akishakeketwa huhesabiwa mtu mzima, ng'ombe za mahari zikaanza kuzungumzwa. Nyonga haijakomaa, na kovu nalo huweza kuuzidisha uchungu wa kuzaa. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta wanawake 32 katika kila 100 wa Mara wamekeketwa, na sheria inakataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18 tangu 1998! Wapo wanaopambana. Kuna nyumba salama Masanga huko Tarime, na ile ya Mugumu, Serengeti, ya Mama Rhobi Samwelly, ambako mabinti hukimbilia msimu ukifika.

Msidhani lakini kila mkojo unaotoka ni fistula. Huku kwetu visiwani wangapi tunacheka shughulini huku tumebana miguu? Ukitoka unapokohoa, kucheka au kunyanyua ndoo, mara nyingi ni misuli ya chini iliyolegea kwa mimba na kuzaa. Ibane kama unayezuia mkojo, hesabu mpaka tano, achia, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu hivi. Ukibanwa ghafla na hufiki chooni, au ukisikia moto unapokojoa (maharusi wapya hupata sana), kapimwe mkojo, huenda ni maambukizi. Sukari nayo humkojoza mtu mara kwa mara. Usipunguze maji ya kunywa kwa kuogopa. Mkojo ukiwa mzito huwasha zaidi.

Na sala? Dada yule hakuwa Muislamu, lakini tuliwafikiria wenzetu wenye shida hii walioacha kusali kwa kujiona najisi. Mafakihi wamelieleza zamani. Asiyeweza kuzuia mkojo husubiri wakati wa sala uingie, hujisafisha, huweka kitambaa au pedi, hutawadha na kusali hapo hapo. Kitakachotoka baada ya hapo hakimharibii. Kila faradhi na udhu wake.

Fistula hutibiwa kwa upasuaji, Bugando kule Mwanza na CCBRT Dar es Salaam. CCBRT hutibu bure, na imekuwa ikituma hata nauli kwa simu. Ikigunduliwa mapema na tundu likiwa dogo, mrija wa mkojo ukiachwa wiki kadhaa huweza kutosha likajifunga lenyewe. Mimba ya baadaye mama huzaa kwa upasuaji.

Sketi tuliimaliza jioni ile. Aliivaa kwenda Mwanza mwezi uliofuata, akakaa na mrija wiki mbili. Alipotupigia simu alitaka gauni jengine, la njano, na bitana akasema tusiweke.