Waridi na Asumini: Ziara Yetu ya Usa River

Wasomaji wetu wa pwani, wasikiapo jina la Arusha, hukumbuka baridi, wanyama wa porini na mlima Meru, uliopanda juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 4,500. Ni wachache wanaokumbuka maua. Nasi tulikuwa miongoni mwa waliosahau, mpaka Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba tulipoalikwa na ndugu yetu mmoja kwenda kumtazama yeye na jamaa zake huko Usa River. Katika ziara ile tuliulizwa swali dogo ambalo tumeona halifai kubaki kwetu peke yetu, kwani laigusa kila nyumba yenye ua, japo ua wenyewe uwe wa hatua kumi tu.

Tulitoka Arusha asubuhi, wakati mijakaranda ya mjini imechanua na kutandika njia kwa rangi ya zambarau, tukashika barabara iendayo Moshi. Tulipita Tengeru, ambako soko hujaa watu siku za Jumatano na Jumamosi, na akina mama hupanga chini ndizi, parachichi na mboga za kila namna. Karibu na hapo liko ziwa Duluti, lililokaa ndani ya shimo la volkano ya zamani. Na yako pia makaburi ya Wapoland waliopewa hifadhi mahali hapo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baada ya mwendo wa kilomita zaidi ya 20 toka mjini, tuliwasili Usa River.

Mahali hapa pamejaaliwa neema mbili. Neema ya kwanza ni udongo mweusi uliotokana na majivu ya mlima Meru, na ya pili ni maji yateremkayo kutoka mlimani. Kwa ajili ya neema hizo walowezi walilima kahawa hapa zamani. Na kwa ajili ya neema hizo hizo, katika miaka ya 1990, mashamba makubwa ya maua yalienea katika sehemu hizi, waridi zikakuzwa chini ya mapaa ya plastiki na kusafirishwa kwa ndege mpaka minada ya Uholanzi. Baadhi ya mashamba hayo yamekwisha fungwa, lakini watu wengi waliofanya kazi humo walitoka na elimu ya maua mikononi mwao. Mwenyeji wetu ni mmoja wao.

Baada ya salamu na chai alitutoa nje kutuonyesha bustani yake. Kando ya ua wa nyumba ilisimama miwaridi ishirini na zaidi, myekundu, myeupe na ya rangi ya machungwa, imepogolewa vizuri, haina jani lenye doa. Alitueleza kwamba watu wa harusi huja kununua maua kwake, na fedha hiyo husaidia daftari na sare za watoto. Kisha alituonyesha, chini ya kivuli cha migomba, kijiti kimoja chembamba chenye majani manjano.

"Huu ni mwasumini wa mke wangu," alisema. "Una miaka mitatu na haujatoa ua hata moja. Nimemwambia niung'oe, nipande miwaridi mingine minne. Nyinyi wageni wetu, hebu tuamulieni."

Bibi wa nyumba alikuwa amesimama mlangoni. Alijibu kwa upole, "Baba watoto, kama ni mti tu, ung'oe. Lakini mche huu nimeutoa mlangoni kwa marehemu mama, Pangani. Nyumba ile imekwisha uzwa, na huo mwasumini mkubwa wamekwisha ukata. Hakuna mwingine uliobaki ila huu."

Basi tulinyamaza sote kwa kitambo. Tuliona kuwa si vema kutoa hukumu kwa haraka, ila kwanza kuitazama miti yote miwili na kuujua uhusiano wake na mahali hapa.

Waridi ni ua la nchi zenye ubaridi wa wastani. Ndugu zetu walioko Oman wanajua kwamba waridi mashuhuri ya nchi ile haitoki Maskati penye joto, bali hutoka vijiji vya Jabal Akhdar, vilivyo karibu mita 2,000 juu ya bahari. Huko katika majira ya kuchipua watu huchuma maua alfajiri, kabla jua halijayapunguzia harufu, wakayapika na kupata maji ya waridi. Vivyo hivyo waridi ya Taif, ambayo maji yake huchanganywa na maji ya Zamzam katika kuiosha Al-Kaaba tukufu, hustawi katika mji ulioinuka zaidi ya mita 1,700. Usa River, penye kimo cha mita 1,200 hivi na usiku wa baridi, panaipendeza waridi, nayo huchanua mwaka mzima.

Walakini waridi ina madai yake. Hutaka jua, mbolea, na kupogolewa kwa makini. Miezi ya Juni na Julai, mawingu yanapouvaa mlima, ubwiri unga huyafunika majani yake kama unga uliomwagwa, na wakati wa kiangazi vidukari huuvamia ubichi wa machipukizi. Waridi za mashambani aghalabu hubebeshwa juu ya shina la waridi nyingine yenye mizizi imara. Chipukizi likitokea chini ya kiungo halina budi kuondolewa, ama sivyo shina la chini litaumeza mti uliokusudiwa. Tena waridi ina miiba, na nyumba ile ilikuwa na mtoto aanzaye kutambaa.

Liko na jambo jingine. Tuliinama kuzinusa zile waridi nzuri, nyingi zikawa hazina harufu. Mwenyeji wetu alicheka, akasema zilichaguliwa kwa urefu wa kikonyo na uwezo wa kustahimili safari. Ni kweli, wataalamu wa Ufaransa walieleza mwaka 2015 kwamba kiko kimeng'enya fulani kinachosaidia kutengeneza harufu katika petali za waridi, na katika waridi zisizo na harufu kazi ya kimeng'enya hicho imefifia mno.

Asumini ni kinyume chake. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani, na watu wa Ufilipino waliifanya ua la taifa lao mwaka 1934. Ua lake ni dogo, jeupe, halina fahari ya kutazamwa kwa mbali. Hufumbuka jioni, likajaza harufu usiku kucha, na kesho yake huanguka. Nani katika watu wa pwani asiyeijua? Ndiyo itungwayo katika vikuba pamoja na mrehani, ndiyo ivaliwayo nyweleni na kutandazwa kitandani mwa maarusi. Haina miiba wala haihitaji kubebeshwa. Bali hupenda joto na jua. Katika baridi hulala, na katika kivuli hukataa kuchanua.

Hapo ndipo tulipoona kwamba mti haukuwa na kosa. Mwaridi ulipewa jua, mbolea na mkono wa fundi. Mwasumini uliwekwa chini ya migomba, kisha ukalaumiwa kwa kutochanua. Twaogopa kwamba si miti peke yake inayohukumiwa hivyo katika nyumba zetu.

Tulimshauri mwenyeji wetu, naye kwa ujuzi wake alitimiza yale tuliyopungukiwa. Kwanza, mti usihamishwe kabla ya kupata mrithi: tawi moja likunjwe, lifukiwe kwa udongo ndani ya kopo huku likiwa bado limeshikamana na mama yake, likatwe litakapotoa mizizi. Pili, mche upandwe mbele ya ukuta wa kaskazini wa nyumba. Kwani mwezi wa Juni na Julai jua huegemea upande wa kaskazini, na ukuta huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku. Tatu, upogolewe kila baada ya kuchanua, kwa kuwa maua yake hutoka katika machipukizi mapya.

Likabaki suala la maji. Maana wakati wa kiangazi maji ya mifereji hugawanywa kwa zamu, na bwana alisema miwaridi imekwisha yamaliza. Bibi akaonyesha mahali pa kutawadhia, penye ukuta ule ule. Twajua sote kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa kiasi cha mudi moja, ambayo haizidi lita moja; nasi hufungua bomba na kumwaga ndoo nzima. Maji ya udhu ya watu sita, mara tano kwa siku, yakielekezwa kwa kijifereji mpaka shinani, yatoshea mwasumini mmoja na zaidi.

Kabla ya kuagana tulitembea mpaka ukingo wa mto Usa. Tulimwambia bibi jambo ambalo pengine hakuwahi kulifikiri: mto huu huingia katika Kikuletwa, Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo maji hushuka kwa mto Pangani mpaka baharini, mlangoni kwao. Alitazama maji kwa muda, akasema, "Kumbe hatuko mbali."

Mwezi wa Februari, joto lilipokuwa kali, tuliletewa picha kwa simu. Mche ulikuwa umesimama mbele ya ukuta, majani yake kijani, na maua matatu juu yake. Mwenyeji wetu aliandika kwamba yeye mwenyewe aliyachuma baada ya Magharibi na kumpelekea mkewe, na kwamba miwaridi haikupungua hata mmoja.

Ndugu wasomaji, akituuliza mtu lipi bora, twamjibu hivi: katika nchi ya baridi waridi ni rahisi zaidi, na yaweza kuleta riziki, katika nchi ya joto asumini ni rahisi zaidi, na harufu yake haina mpinzani. Lakini nyumba haipandi mti kwa urahisi tu. Mtume ametufunza kwamba apandaye mti, akala humo mtu au ndege au mnyama, amepata sadaka. Na ametufunza pia tusikatae zawadi ya kinukiacho, kwa kuwa ni nyepesi kuchukuliwa na harufu yake ni njema. Basi kabla hujaung'oa mti wa mwenzio, utazame kwanza kama umewahi kuupa jua.