Hodi kwenye kompyuta za watu

Wazazi wenzangu, salaam. Nanyi watoto wa darasa la juu, mnaonong'onezana kwamba yule mama wa chai ya Jumamosi anasomea wizi wa kompyuta, salaam zenu pia.

Si uongo mtupu. Ninasomea udukuzi, ila ule wa halali: kutafuta pa kupenyea katika kompyuta za mtu aliyekuomba ufanye hivyo, kisha kumwonyesha pa kuziba. Eneo letu hili, kuanzia Arlington iliko Pentagon hadi Fort Meade yaliko makao ya NSA, lina kazi hizo kwa wingi. Na lina sababu. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika kompyuta za OPM, ofisi inayoshughulikia watumishi wake, na kuchukua taarifa za watu milioni 21.5, zikiwamo alama za vidole za mamilioni. Neno la siri unaweza kulibadilisha. Kidole je?

Cheti ninachojiandalia kwanza ni Security+ cha CompTIA. Maswali hayazidi 90, muda ni dakika 90, alama zinaanzia 100 hadi 900, na ukipata 750 umefaulu. Hawakuulizi shahada. Cheti kinadumu miaka mitatu, kisha unakihuisha. Baadaye, Mungu akipenda, nitajaribu CEH cha EC-Council, ambacho mtihani wake una maswali 125 kwa saa nne. Hapa niseme jambo moja kwa wazazi: kuna kozi zinazouzwa kwetu wahamiaji kwa maelfu ya dola, kwa ahadi ya mshahara mnono baada ya wiki chache. Ulizeni kwanza. Kazi nyingi za serikali hapa zinataka uraia, na historia yako ichunguzwe, na cheti peke yake hakivuki hapo. Mimi nasoma kitabu cha kuazima maktaba ya Silver Spring, saa kumi na moja alfajiri kabla ya zamu.

Sura iliyonipa shida ni ya usimbaji, yaani kuficha ujumbe kwa hesabu. Iliyonichekesha ni ya hadaa. Kitabu kinaeleza kurasa nyingi jinsi tapeli anavyokuharakisha, anavyojifanya mtu unayemjua, anavyoandika kana kwamba mazungumzo yalishaanza. Sisi tuliotoka Tanzania tunaijua sura hiyo kwa sentensi moja: "Ile pesa itume kwenye namba hii." Tapeli hajui kama kuna pesa. Anatuma kwa watu wengi akitumaini mmoja alikuwa kweli karibu kumtumia mtu. Mama yangu, aliye Tanga, aliupata ujumbe huo akaujibu: "Pesa gani tena? Mimi ndiye ninayesubiri yako." Wangemwajiri.

Mazoezi nayafanya ndani ya kompyuta yangu mwenyewe. Kuna programu inayokuwezesha kuweka kompyuta ndani ya kompyuta, na ipo moja, Metasploitable, iliyotengenezwa makusudi ikiwa mbovu ili wanafunzi waivunje. Nyingine, Nmap, kazi yake ni kugonga milango. Kompyuta ina milango 65,535 ya namna ile, si ya mbao bali ya namba, na Nmap huigonga ikisikiliza upi unaitika. Siku niliyoona orodha ya iliyo wazi, mwanangu alikuwa nyuma yangu anakunywa uji. "Mama, sasa jaribu ya jirani," akasema. Alikuwa anatania. Mimi sikutania nilipomjibu.

Nilimweleza habari ya hodi. Watoto, huku mnabonyeza kengele basi. Kwetu unasimama nje, unapiga hodi, unangoja "karibu". Ukipiga mara tatu pakawa kimya unaondoka, hata kama mlango u wazi na mkeka unauona umetandikwa. Na aliyekukaribisha barazani hajakukaribisha chumbani. Sheria ya Marekani ya 1986 kuhusu uhalifu wa kompyuta inakataza kuingia bila ruhusa, na pia kuvuka mipaka ya ruhusa uliyopewa. Tanzania ina sheria yake ya 2015 na Kenya ya 2018. Zote zinauliza kama uliruhusiwa. Ustadi wako hauingii hesabuni.

Mwaka 2016 Pentagon yenyewe ilisema karibu. Ilifungua tovuti zake chache za umma, ikaandika mipaka, ikaalika wadukuzi wajaribu. Walijiandikisha zaidi ya 1,400, na udhaifu 138 ukathibitishwa. Mmoja wao alikuwa David Dworken, kijana wa miaka 18 aliyekuwa anamaliza shule ya Maret hapa Washington. Aliripoti dosari sita. Hakulipwa hata senti, kwa sababu wengine walikuwa wametangulia kuziripoti, lakini Waziri wa Ulinzi, Ash Carter, alimshukuru mbele ya watu. Mwanangu aliniuliza mara mbili kama kweli hakulipwa.

Miezi miwili baadaye alikuwa anajaza fomu ya klabu moja ya baada ya shule. Mwishoni mwa anwani ya ukurasa kulikuwa na namba yake. Alikosea tarakimu moja, ikafunguka fomu ya mtoto mwingine: jina, simu ya mzazi, ugonjwa wake, dawa zake. Alikuja jikoni uso umemshuka. Angeweza kujaribu namba ya tatu na ya nne, na kila moja ingefunguka. Familia yetu bado iko kwenye grinkadi. Nilimwonea fahari na hofu kwa pamoja.

Tulifunga ukurasa. Hatukupiga picha ya fomu ya yule mtoto. Tuliandika saa, na namna ilivyotokea, kwenye karatasi, na kesho yake nikaenda naye kwa msimamizi. Swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa, "Umeona za nani wengine?" Akajibu, "Moja tu, nikamwita mama." Msimamizi alimtazama kwa muda, kisha akachukua simu. Ukurasa uliondolewa jioni ile. Shukrani zilikuja baada ya wiki mbili, kwa mstari mmoja wa barua pepe ulioandikwa kwangu, si kwake. Nimeuchapa na kumpa.

Mtihani wangu ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Nahitaji mzazi wa kunishikia zamu ya chai. Tangawizi iko kabati la juu.