KIPOYI NA KAMBA YA PAJI



Sisi tuliotoka milima ya Lubero, wenzetu wa mjini wanatuulizaga: kama gari haliwezi kupanda kwenu, mgonjwa anafika barabarani namna gani? Anafika juu ya mabega ya watu.

Vakansi ya Pasaka tulikuwa wavulana watano wa shule hii kijijini. Usiku mmoja tukaitwa. Mama mmoja alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake. Wababa walikuwa wamekwisha kufunga kipoyi: miti miwili mirefu, kamba, mkeka na blanketi. Wanne wanabeba, wengine wanafuata kwa kupokezana. Tulifikiri ni kazi ya nguvu tu. Kumbe ni ya akili. Kwa kupanda, kichwa cha mgonjwa kinatangulia, na watu warefu wanakaa nyuma. Kwa kuteremka, miguu inatangulia, na warefu wanakwenda mbele, ili asiteleze. Hatua zote zinapashwa kuwa moja. Mmoja wetu (ndiye anayeshika kalamu hii) alikosea hatua ndani ya matope, na mama akalia sana. Mzee wa nyuma akasema tu: «Weye mutoto, beba sawa vile ni mama yako.»

Mzee yule hasemi kipoyi, anasema kitanda. Neno kipoyi linamkumbusha baba yake, aliyebeba wakubwa wa serikali ya Wabeleji kwa amri, nao walikuwa wazima wa miguu.

Mtoto alizaliwa mchana, msichana. Wababa walitusifu sana, tukapewa chai na mihogo, tukarudi na vifua mbele.

Njiani tukakuta mama mzazi wa mmoja wetu akitoka shambani. Kitunga cha viazi mgongoni, kuni juu yake, kamba imepita kwenye paji la uso, macho chini. Akatuuliza: «Mama ya mutoto amepona?» Hapo tukaona haya. Kipoyi kilikuwa na watu kumi na nyimbo. Kitunga kina mtu mmoja, kila siku, na hakuna wa kumpokea. Kuko chukudu, ndiyo, ile sawa kinga ya mbao, inayoteremsha magunia ya viazi na makala vizuri sana. Lakini inataka barabara, tena tumeonaga wanaume tu wakiisukuma.

Tukaomba mzigo. Akacheka: «Shingo zenu ni za kalamu.» Tukaweka kamba kwenye paji, mmoja mmoja. Hata wa tano hakufika kwenye mto, ambao uko karibu sana. Shingo ilitetemeka, machozi yakatoka yenyewe.

Mama akajifunga kamba yake tena, akatuambia tupite mbele, juu yeye anakwenda pole pole. Hatukumpita.

Mkubwa wa wanafunzi, darasa la sita